Askofu Samuel Ajayi Crowther: Mtoto wa Makazi Aliyengojea Nafasi ya Bwana



Mwezi uliopita, baada ya ibada ya Jumapili, kijana mmoja wa kwaya yetu alinifuata chini ya mwembe, akanirudishia kitabu cha Kiingereza nilichokuwa nimemwazima. Hakuwa amekimaliza. Alinieleza kwamba familia yao imekwisha kufanyiwa mahojiano mara mbili, kwamba kila Ijumaa anakwenda kusoma majina kwenye ubao na jina lao halimo, na kwamba haoni tena faida ya kujichosha na masomo. Kisha akaongeza neno lililoniumiza kuliko hayo yote: kwamba hata nafasi ikija leo, yeye si mtu wa kuiweza. Nilikipokea kitabu. Jibu sikuwa nalo siku ile, kwa maana neno hilo la mwisho nimewahi kulisema mimi mwenyewe, usiku, ndani ya turubai, katika mwaka wangu wa tatu hapa.

Nilipokuwa chuo cha Biblia, katika somo la historia ya Kanisa, tulifundishwa habari za mtu mmoja wa Afrika ya Magharibi. Wakati ule alikuwa kwangu jina la kukariri kwa ajili ya mtihani pamoja na tarehe zake. Nimekuja kumwelewa hapa kwenye makazi. Kwa hiyo nimeona niandike maisha yake kwa ajili ya kijana yule, na kwa wengine ambao hawajaja kunirudishia kitabu lakini mioyoni mwao wamekwisha kukifunga.

Ajayi alizaliwa karibu mwaka 1807 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo imo ndani ya Nigeria. Jina hilo Wayoruba humpa mtoto anayezaliwa kifudifudi. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, na mama yake aliitwa Afala. Siku zile dola kubwa ya Oyo ilikuwa inavunjika. Vita vilihama kutoka mji hadi mji, na nyuma ya kila vita walikuwako wanunuzi wa watu.

Asubuhi moja mwaka 1821, wakati akina mama wakiandaa chakula, kelele zilisikika kwamba mji umezingirwa. Wanaume walikimbilia malangoni, lakini boma lilikuwa refu na watetezi wachache. Baba yake Ajayi alirudi nyumbani mara moja tu, kuwaambia wakimbie, akageuka kwenda kupigana, na Ajayi hakumwona tena. Mama akashika watoto, mdogo kabisa akiwa bado wa kubebwa, wakaingia vichakani. Hawakufika mbali. Walitiwa kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwenzake, kama mbuzi wanaopelekwa sokoni, na walipogeuka kutazama nyuma waliona Osogun inaungua. Ajayi alikuwa na umri wa miaka kama 13. Sina haja ya kuwaeleza zaidi, maana wengi wenu mmeyaona ya namna hiyo kwa macho yenu.

Siku ya mgawo walitenganishwa. Ajayi alibadilishwa kwa farasi. Baada ya muda mwenye farasi na mwenye mtoto hawakuridhiana, kila mmoja akarudishiwa chake, na Ajayi akauzwa tena, na tena, mpaka akafika kwa mtu aliyemtoa kwa tumbaku na pombe kali. Alipoelewa kwamba anasogezwa kuelekea pwani, ambako watu waliuzwa kwa Wareno na hawakurudi, alikata tamaa kabisa. Usiku alijaribu zaidi ya mara moja kujinyonga kwa mkanda wa nguo yake, na kila mara alikosa moyo wa kukaza kitanzi. Mwaka 1837, alipokuwa mtu mzima na Mkristo, aliandika habari hiyo waziwazi katika barua na kumwomba Mungu msamaha. Nami nimeitaja bila kuifunika kwa sababu najua katika makazi haya wako wanaobeba mawazo kama hayo. Ndugu yangu, mlango wangu uko wazi, hata usiku wa manane. Usibaki nayo peke yako.

Pale Lagos walifungwa minyororo ya shingo, wakubwa kwa wadogo, wakakaa miezi wakingojea meli. Mwezi Aprili mwaka 1822 walipakiwa katika meli ya Kireno. Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na manowari zake zilikuwa zikizunguka pwani ile. Meli yao ilikuwa haijafika mbali ilipokamatwa. Wale watoto walihamishiwa kwenye manowari iliyoitwa Myrmidon, lakini hawakujua kwamba wameokolewa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwaeleza kwa lugha yao. Waliona nyama imening'inizwa wakadhani ni mwenzao aliyechinjwa. Waliona risasi za mizinga zimepangwa kwenye sitaha wakadhani ni vichwa vya watu. Walikaa na hofu hiyo mpaka waliposogea karibu wakaona kwato, wakatambua ni nguruwe. Mtakumbuka siku tulipopandishwa kwenye malori mpakani. Walikuwako kati yetu waliosema tunapelekwa kuuawa, na wengine wakaruka chini. Mtu aliyetoka kwenye moto huona moto hata mahali palipo na maji.

Tarehe 17 Juni 1822 Ajayi alishuka Sierra Leone. Hapa ndipo habari zake zinapofanana na zetu kuliko mahali pengine. Mji wa Freetown na vijiji vilivyouzunguka vilikuwa makazi ya watu waliookolewa melini. Walikuja bila kitu, wakapewa nguo na posho, wakagawanywa katika vijiji, na kila mmoja akajikuta jirani na mtu asiyeelewa lugha yake. Mmisionari mmoja aliyeitwa Koelle alikusanya baadaye maneno ya lugha zaidi ya 100 kutoka kwa watu wa makazi hayo, akayatoa katika kitabu mwaka 1854. Kurudi nyumbani hakukuwezekana, kwa sababu njia ya kurudi ilipita kwenye masoko yale yale waliyouzwa. Ajayi alipelekwa katika kijiji kilichoitwa Bathurst. Hakujua kama mama yake yu hai. Hakujua atakaa hapo muda gani. Alikaa, tukihesabu mpaka alipowekewa mikono ya uchungaji, miaka 21.

Inasimuliwa kwamba siku yake ya kwanza ya shule aliomba nusu peni kwa watu wa kwao, akanunua kadi ya alfabeti iwe yake mwenyewe. Kwa miezi sita hivi alikuwa anasoma. Walimfundisha pia useremala. Tarehe 11 Desemba 1825 alibatizwa, akachukua jina la Samuel Crowther, ambalo lilikuwa jina la mchungaji wa London aliyekuwa mwenye kulisaidia shirika la CMS, ndilo lililoendesha misheni ile. Mwaka 1826 alipelekwa Uingereza kwa miezi michache, akarudi, na mwaka 1827 chuo kilipofunguliwa Fourah Bay jina lake liliandikwa la kwanza katika orodha ya wanafunzi. Mwaka 1829 alimwoa Asano, aliyebatizwa Susan, binti ambaye naye alikuwa ameokolewa kutoka katika meli ya watumwa.

Baada ya hapo ikaja miaka ambayo wanahistoria wanaipita haraka, na mimi sitaki kuipita haraka. Zaidi ya miaka kumi Crowther alikuwa mwalimu wa shule katika vijiji vya makazi. Alifundisha watoto kusoma na kuhesabu, mwaka baada ya mwaka, kwa mshahara mdogo. Hakuna aliyemwambia kwamba atakuwa askofu, wala kwamba atarudi kwao. Chuo kilikuwa kimekwisha, ndoa ilikuwepo, watoto walizaliwa, kazi ilikuwa ile ile. Katika miaka hiyo alianza kuandika maneno ya Kiyoruba, na hapo akagundua jambo la aibu kidogo. Lugha ya mama yake ilikuwa imemtoka. Mambo ya Mungu alikuwa ameyajifunza kwa Kiingereza, na alipotaka kuyasema kwa Kiyoruba maneno hayakuja. Aliondoka kwao akiwa mtoto wa miaka 13, na Kiyoruba chake kilibaki na umri huo. Ilimbidi akae na wazee wa makazi, akiuliza jina la kitu hiki na kile, kama mgeni. Wazazi wenye watoto waliozaliwa hapa wanajua ninachosema.

Mwaka 1841 serikali ya Uingereza ilituma meli tatu kupanda Mto Niger, kutafuta biashara halali badala ya ile ya watu. Crowther alichukuliwa pamoja na mmisionari Mjerumani, Schön. Homa iliwaangamiza. Kati ya Wazungu wapatao 150 walikufa zaidi ya 40, na safari ikaonekana kuwa hasara tupu. Magazeti ya Uingereza yaliicheka. Lakini Schön alirudi na jambo moja moyoni: kwamba Injili katika nchi zile italetwa na Waafrika wenyewe, na kwamba mwalimu yule aliyesafiri naye awekewe mikono. Hivyo safari ambayo wote waliihesabu imekufa ndiyo iliyomfungulia Crowther mlango. Aliitwa Uingereza akasoma, na mwaka 1843 Askofu wa London akamwekea mikono, mwezi Juni ushemasi na mwezi Oktoba ukasisi. Mwezi Januari 1844, huko Freetown, aliongoza ibada kwa Kiyoruba, mbele ya watu waliokuwa hawajawahi kusikia neno la Mungu likisemwa kanisani kwa lugha ya nyumbani.

Wakati huo watu waliookolewa walikuwa wameanza kurudi. Tangu mwaka 1839 wafanyabiashara wa Kiyoruba wa Freetown walinunua meli, nyingine zikiwa zile zile zilizonyang'anywa wauza watumwa, wakawabeba wenzao kurudi pwani ya kwao. Wengi walielekea Abeokuta, mji mpya uliojengwa na wakimbizi wa vita chini ya miamba mikubwa, kiongozi wake akiitwa Sodeke. Sodeke aliahidi kuwapokea wamisionari. Kwa hiyo Crowther, mkewe na watoto, pamoja na wenzao Townsend na Gollmer, walifika bandari ya Badagry mwezi Januari 1845, mizigo imefungwa tayari kwa safari ya siku chache tu.

Sodeke alikuwa amekufa.

Hakukuwa na mwenyeji tena. Njia zilikuwa zimefungwa kwa vita, na wauza watumwa wa pwani hawakutaka wageni hao wapite. Walikaa Badagry karibu mwaka mmoja na nusu. Fikirini, wapendwa. Mtu amekaa nje ya nchi yake zaidi ya miaka 20, amerudi hadi mlangoni, anaona barabara inayoingia ndani, na haruhusiwi kuipita. Kungoja ukiwa mbali ni kugumu, lakini kungoja ukiwa umefika mlangoni ndiko kunakovunja watu. Nimewaona humu walioishi miaka kumi kwa uvumilivu wakaja kuanguka moyo katika miezi mitatu ya mwisho, baada ya kupimwa afya na kuambiwa wakae tayari.

Walifanya nini Badagry? Walijenga nyumba. Walijenga kanisa. Walihubiri chini ya mti kwa watu ambao wengi wao hawakuwasikiliza, na Badagry ilibaki kuwa shamba gumu. Walifungua shule. Crowther aliendelea na kazi yake ya maneno, na kutafsiri. Mizigo ya Abeokuta ilibaki imefungwa, lakini mikono haikufungwa pamoja nayo. Na mwishowe njia ilipofunguka, haikufunguka kwa namna waliyoipanga. Ilifika Agosti 1846 ndipo walipoingia Abeokuta, katika majira ya mvua.

Siku kama 18 baada ya kuingia, tarehe 21 Agosti 1846, mwanamke mmoja mzee alifika mlangoni pake akiwa na ndugu mmoja. Alikuwa anatetemeka. Alikuwa Afala. Miaka 25 ilikuwa imepita tangu watenganishwe, na yeye pia alikuwa amepita katika utumwa na kukombolewa, akiishi na binti zake katika mji usio mbali. Alikuwa ameambiwa kwamba mwanawe amefika, hakuamini. Walishikana, wakatazamana kimya kwa muda mrefu, machozi yakiwatoka, hawakuweza kusema. Kisha mama akaanza kumwita kwa yale majina ya kubembelezea ambayo bibi yake alimwitia alipokuwa mtoto. Bibi mwenyewe alikuwa amekwisha kufa utumwani.

Nimesoma habari hii mara nyingi na kila mara nasimama hapo. Kama wangefika Abeokuta kwa tarehe yao, mwezi Januari 1845, je, Afala angekuwa pale karibu, au angekuwa bado mikononi mwa mtu? Siwezi kulijibu. Nalitaja tu kwa sababu yako mahesabu ambayo Mungu hatuonyeshi.

Afala alifundishwa imani, na mwezi Februari 1848 akabatizwa pamoja na wengine wachache, wakawa miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa Abeokuta. Jina alilopewa ni Hana. Mama yake Samweli angeitwa jina gani jingine? Aliishi mpaka mwaka 1883.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi nyingi. Barua ya Warumi ilitoka kwa Kiyoruba mwaka 1850, na vitabu vingine vikafuata. Mwaka 1851 alikwenda Uingereza kueleza mateso ya Abeokuta, akapelekwa hadi ikulu ya Windsor. Alipokuwa akimwonyesha Prinsi Albert miji ya kwao juu ya ramani, bibi mmoja alikuja akasimama karibu akiuliza maswali, naye akamjibu kwa utulivu, mpaka alipotambua kuwa huyo ndiye Malkia Victoria. Mwaka 1854 alipanda Mto Niger kwa mara ya pili na Daktari Baikie. Safari hiyo watu walinyweshwa kwinini mapema, na hakufa hata Mzungu mmoja kwa homa. Mwaka 1857 alipanda tena, kazi ikaanzishwa Onitsha chini ya Mchungaji J. C. Taylor, ambaye wazazi wake walikuwa Waigbo waliookolewa. Lakini meli yao ilipigwa na mwamba juu ya mto karibu na Jebba, ikazama, na ikabidi wangoje tena, miezi mingi, katika nchi ya Wanupe. Tena ngoja. Na mwaka 1862 moto uliteketeza maandishi yake: maneno na methali za Kiyoruba alizozikusanya kwa miaka zaidi ya 11. Kila mtu humu aliyeacha vyeti vyake vikiungua ndani ya nyumba anajua uzito wa sentensi hiyo. Crowther aliichukua kalamu akaanza upya.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Katibu wa CMS huko London, Henry Venn, aliamini kwamba Kanisa la Afrika liongozwe na Waafrika, lijitegemee na kujieneza lenyewe. Alimtaka Crowther awe askofu. Crowther hakutaka. Hakujiona anastahili, na tena alijua vizuri maneno yaliyokuwa yakisemwa juu yake. Mwenzake Townsend, waliyengoja naye Badagry, alikuwa amepinga kwa barua wazo la Wazungu kuwa chini ya askofu mweusi. Kwa hiyo mashaka yake hayakuwa ya ndani tu. Yalikuwa na sauti za watu aliowaheshimu, watu waliokula naye. Tunadhani mwenye shaka juu ya nafsi yake anahitaji kutiwa moyo tu basi, kumbe mara nyingine shaka hiyo amepandiwa na wengine, kidogo kidogo, kwa miaka, mpaka anadhani ni yake. Hapa kwetu mtu huitwa kwa namba ya kadi yake. Ukiitwa namba miaka minane, unaweza kusahau kwamba ulikuwa fundi, au mwalimu, au mwenye shamba.

Venn alimsihi kama mwana na baba, na Crowther akakubali kwa sababu ya kumtii. Hakukubali kwa kuwa mashaka yalikwisha. Kwa kadiri ninavyosoma maisha yake, hayakwisha kabisa kamwe. Alikwenda nayo.

Tarehe 29 Juni 1864, katika kanisa kuu la Canterbury, Askofu Mkuu Longley na maaskofu wenzake walimwekea mikono, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana. Kanisa lilijaa. Ndani ya umati ule walikuwamo watu wawili ambao nadhani yeye aliwatazama zaidi ya wengine. Mmoja alikuwa mzee, afisa mkuu wa jeshi la majini, jina lake Leeke. Ndiye aliyekuwa nahodha wa ile manowari Myrmidon mwaka 1822. Mwingine alikuwa mjane, Bibi Weeks, aliyemfundisha kusoma kule Bathurst akiwa mtoto wa kuokotwa. Ilikuwa imepita miaka 42 tangu nusu peni ile.

Nisiwafiche kwamba mwisho wake ulikuwa na uchungu. Eneo lake lilikuwa kubwa, mto wenyewe haukupitika mwaka mzima, naye alitegemea meli za wafanyabiashara kusafiri, hata mara nyingine alipita kituo chake bila kuweza kukaa. Wasaidizi wake wengi walitoka Sierra Leone, wengine wa mioyo safi, wengine walioanguka katika tamaa na dhambi, na yeye alikuwa mpole mno katika kuadhibu. Hilo nalisema wazi, maana kumsifu mtu kwa uongo hakumsaidii msomaji. Lakini Venn alikuwa amekufa mwaka 1873, na wamisionari vijana waliotoka Uingereza miaka ya mwisho hawakuja kurekebisha tu. Walikuja wakiwa wamekwisha kuamua kwamba Mwafrika hawezi kuongoza. Agosti 1890, katika kikao huko Onitsha, watumishi wake walisimamishwa mbele yake, naye mzee wa zaidi ya miaka 80 akajiuzulu kutoka katika kamati ile. Hakulaani mtu. Aliendelea na mipango ya makanisa ya delta, ambayo yalikuwa tayari kujitegemea, mpaka alipopigwa na kiharusi. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, na mahali pake pakawekwa Mzungu.

Ukisimama hapo mwaka 1891 unaweza kusema kwamba wale waliomtilia shaka walishinda, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na haki ya kujitilia shaka. Lakini Biblia yote ya Kiyoruba ilikuwa imekwisha kutoka mwaka 1884, kwa kazi aliyoianza akiwa mwalimu wa kijijini akiuliza wazee maneno. Nayo haikujiuzulu. Imesomwa na vizazi hata leo. Mjukuu wake kwa binti yake, Herbert Macaulay, akawa mmoja wa watu wa kwanza kudai uhuru wa Nigeria. Na tarehe 29 Juni 2014, miaka 150 kamili, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, aliongoza ibada katika kanisa lile lile, ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya Crowther na ya kutubu kwa namna Kanisa lilivyomtendea.

Mimi bado nangoja, kama ninyi. Faili la familia yangu liko katika ofisi fulani tangu mwaka ambao mtoto wangu wa mwisho alizaliwa, na sasa anasoma darasa la nne. Ziko asubuhi ninapoamka nikiwa na imani, na ziko ninapoamka nikiwa sina, nikahubiri hivyo hivyo.

Kitabu cha Kiingereza kiko mezani kwangu, ukurasa umekunjwa pale alipoachia. Darasa linaendelea kila Jumanne saa kumi alasiri, kanisani, upande wa madirisha. Aliyeacha anakaribishwa, na hataulizwa alikuwa wapi. Mje na kalamu, daftari tutagawana.